Uzi maalumu: Barua za California kabla ya 1849, na namna ya kusoma safari ya barua isiyo na muhuri

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Maswali kuhusu barua za California ya enzi za Wahispania na Wameksiko huulizwa mara kwa mara, na karibu kila muulizaji hutaka kujua jambo moja tu: muhuri wa posta uko wapi? Naleta uzi huu kwa sababu naamini swali hilo linampoteza mkusanyaji tangu hatua ya kwanza. Barua nyingi zilizoandikwa California kabla ya 1849 hazikugongwa muhuri wowote mahali zilipoanzia safari, na ushahidi wa njia iliyopita barua hupatikana katika mwandiko wa nje, mikunjo, lakiri, jina la meli na gharama zilizoandikwa kwa mkono na makarani waliokuwa mbali sana na California.

Nianze na jiografia, maana ndiyo iliyoamua mengi. Hispania ilianza kujikita katika Alta California, yaani California ya leo ya Marekani, mwaka 1769 kwa kuanzisha San Diego, ikafuata Monterey mwaka 1770 na San Francisco mwaka 1776, na ngome ya nne ikajengwa Santa Barbara mwaka 1782. Hadi 1823 zilikuwapo misheni 21 zilizopangana kando ya pwani. Eneo lote hilo lilikuwa pembezoni kabisa mwa himaya, na lilitegemea njia mbili kuu kupeleka barua Mexico City. Ya kwanza ilikuwa bahari, kwa meli za bandari ya San Blas, pwani ya magharibi ya Meksiko, iliyoanzishwa 1768, na safari ya kwenda kaskazini ilikuwa ndefu kuliko ya kurudi kwa sababu meli zilipambana na upepo na mkondo wa maji. Ya pili ilikuwa nchi kavu, askari kwa askari, kupitia rasi ya Baja California hadi Loreto, kisha kwa chombo kuvuka ghuba.

Njia ya tatu ilikuwapo kwa muda mfupi, na hapa ndipo tarehe inapokuwa na thamani kubwa. Juan Bautista de Anza alifungua njia ya nchi kavu kutoka Sonora, kaskazini-magharibi mwa Meksiko, mwaka 1774, lakini mwezi Julai 1781 Waquechan, ambao Wahispania waliwaita Wayuma, waliinuka dhidi ya makazi ya Wahispania kwenye kivuko cha Mto Colorado, wakamuua Padri Francisco Garcés pamoja na Kapteni Fernando de Rivera y Moncada, na njia hiyo ikafungika. Kwa hiyo barua ya 1778 kutoka Monterey kwenda Sonora na barua ya 1790 yenye anwani ileile hazipaswi kuelezwa kwa maneno yaleyale, ingawa zinaweza kufanana kabisa kwa sura.

Tarehe nyingine ya kukumbuka ni 1810. Vita vya uhuru vilipoanza Meksiko, meli za mahitaji kutoka San Blas karibu zikakoma, askari wa ngome wakakaa miaka bila mishahara, na mawasiliano na serikali yakawa ya kubahatisha. Mwaka 1822 California ilipokula kiapo cha utii kwa Meksiko huru, tayari wakazi wake walikuwa wamezoea kupeleka barua kwa chombo chochote kilichopita, kiwe cha Mwingereza, Mrusi au Mmarekani.

Mleta uzi (mwendelezo)

Sasa tuishike barua yenyewe. Barua ya kawaida ya enzi hizo haina bahasha. Ni karatasi moja kubwa, iliyotengenezwa kwa matambara ya kitani au pamba, iliyokunjwa hadi upande mmoja ubaki wazi kwa anwani, kisha ikafungwa kwa lakiri au kwa kibandiko chembamba cha unga mkavu kilicholowanishwa. Barua ikifunguliwa, lakiri huchana sehemu ya karatasi na kuacha tundu. Wanunuzi wapya hulalamikia tundu hilo, lakini mimi huwa na wasiwasi zaidi na barua isiyo nalo, kwa sababu inanibidi nijiulize kama kweli ilitumwa au ilikuwa nakala iliyobaki kwenye faili la mwandishi.

Barua za serikali zilisafirishwa bila malipo, na karani aliandika kwa mkono upande wa anwani kwamba ni za utumishi. Katika enzi ya Meksiko maneno hayo ni *Servicio Nacional*, mara nyingi yakifupishwa kuwa S.N., na katika enzi ya mfalme yalikuwa yale ya utumishi wa kifalme. Herufi hizo mbili za wino, zilizoandikwa harakaharaka pembeni mwa anwani, kwangu ni alama ya posta kamili, kwa kuwa ndizo zilizomwamuru tarishi aichukue barua na kumzuia karani asitoze malipo.

Kuna aina moja ambayo naona haithaminiwi ipasavyo, nayo ni waraka wa *cordillera*. Gavana au padri mkuu wa misheni aliandika waraka mmoja, ukapelekwa misheni ya kwanza, padri wa hapo akausoma, akaunakili kitabuni, akaandika chini yake siku aliyoupokea na kutia sahihi, kisha akaupeleka misheni inayofuata, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa mstari. Ukipata waraka wa namna hiyo ukiwa na sahihi zote, una ratiba nzima ya safari iliyoandikwa na wahusika wenyewe, kituo kwa kituo, na hakuna muhuri wa chuma unaoweza kukupa taarifa nyingi kiasi hicho. Nikiambiwa nichague kati ya huo na bahasha maridadi ya San Francisco ya miaka ya 1850, sitafikiri mara mbili.

Jirani wa barua hizi ni karatasi ya serikali yenye chapa ya ushuru, *papel sellado*, iliyotakiwa kwa mikataba, maombi ya ardhi na kesi. Karatasi rasmi ilipokosekana, forodha ya Monterey iliidhinisha karatasi ya kawaida kwa maneno *Habilitado provisionalmente por la Aduana Marítima*, yaani imeidhinishwa kwa muda na forodha ya bandari. Hiyo ni kodi, haihusiani na posta, na mkusanyaji asikubali kuuziwa chapa hiyo kama muhuri wa posta.

Kurunzi

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Nimeona katika mnada wa mtandaoni barua ya 1843 iliyoandikwa Santa Barbara kwenda New York. Kwa nje ina neno SHIP (meli) kwa wino mwekundu, muhuri wa mviringo wa Boston, na tarakimu 20¾. Muuzaji ameitangaza kuwa ni barua yenye muhuri wa California. Je, dai hilo lina ukweli, na je, hiyo robo tatu ni ya nini?

Mleta uzi

Ndugu Kurunzi, barua inaweza kuwa halali kabisa huku tangazo likiwa si sahihi. Hakuna alama hata moja kati ya hizo iliyogongwa California. Nahodha aliibeba barua katika shehena yake, pengine pamoja na maelfu ya ngozi za ng'ombe, akazunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, na alipofika Boston akaikabidhi posta, na hapo ndipo ilipopata muhuri na neno SHIP.

Tarakimu ndiyo tamu zaidi. Sheria ya Marekani ilitoza senti 6 kwa barua ya meli iliyopokelewa palepale bandarini. Kama ilipaswa kuendelea mbele, ilitozwa senti 2 juu ya gharama ya kawaida ya nchi kavu. Wakati huo gharama ya nchi kavu ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi na umbali, na karatasi moja iliyosafiri zaidi ya maili 150 lakini si zaidi ya 400 ililipiwa senti 18¾. Boston hadi New York inaangukia katika daraja hilo. Ongeza senti 2 za meli, unapata 20¾, na mpokeaji ndiye aliyelipa. Kwa hiyo barua yako inajieleza yenyewe: karatasi moja, imeshushwa Boston, imepelekwa New York.

Tarehe 1 Julai 1845 hesabu ilibadilika. Gharama ikawa senti 5 kwa kila nusu wakia hadi maili 300, na senti 10 kwa umbali zaidi ya huo, kwa hiyo barua ya meli ya baada ya tarehe hiyo, kama iliendelea mbele ya bandari, itaonyesha 7 au 12. Ukiona barua inayodaiwa kuwa ya 1847 ikiwa na 20¾, au ya 1840 ikiwa na 7, rudisha mkono mfukoni hadi upate maelezo. Waghushi wengi hujua kuiga mwandiko, lakini hawakai chini kupiga hesabu.

Jambo jingine ni kwamba barua nyingi hazikupita posta hata upande wa mashariki. Kampuni za Boston kama Bryant & Sturgis, zilizotuma meli California kununua ngozi na shahamu, zilipokea vifurushi vya barua moja kwa moja kutoka kwa manahodha wao. Barua kama hiyo ina anwani, jina la meli kwenye kona ya chini, lakiri, na basi. Hiyo si dosari.

Mama Bahasha

Mwanangu, hapo kwenye wafanyabiashara wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, umenigusa. Mimi hukusanya barua za upande wetu, na mambo ni yaleyale. Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, konseli wa kwanza Mmarekani, Richard Waters wa Salem, akafika Zanzibar mwaka 1837, na barua za miaka hiyo kati ya Zanzibar na Salem zilibebwa na manahodha wa meli za biashara. Wakati Boston ikifuata ngozi California, Salem ilifuata pembe na gundi ya sandarusi Zanzibar. Mtu aliyezoea kusoma barua za upande mmoja hatapata taabu na za upande wa pili.

Naomba nikuulize kuhusu maneno "duplicado" na "copia", yaani nakala, yanayoandikwa kwenye barua. Nimeona barua mbili zenye maneno yaleyale, tarehe ileile, lakini kila moja ina njia yake. Ipi ndiyo barua ya kweli?

Mleta uzi

Shikamoo Mama. Zote mbili ni za kweli, mradi kila moja ilisafiri. Mwandishi makini wa California hakuikabidhi habari muhimu kwa meli moja. Aliandika nakala mbili au tatu, moja ikaenda na meli ya kuzunguka Cape Horn, nyingine ikapitia Honolulu, nyingine ikapelekwa Mazatlán, bandari ya Meksiko kwenye Pasifiki, ili ivushwe nchi kavu hadi Veracruz upande wa Atlantiki. Thomas O. Larkin, mfanyabiashara wa Monterey aliyekuwa konseli wa Marekani huko kuanzia 1844, aliitumia sana njia ya Mazatlán, ambako John Parrott alikuwa konseli mwenzake. Barua iliyovuka Meksiko inaweza kubeba mihuri ya miji ya huko na gharama kwa reali, sarafu ya Meksiko, na mkusanyaji anapaswa kutenganisha alama hizo na zile zilizoongezwa baadaye katika bandari za Marekani.

Mfano mkubwa kuliko yote wa nakala hizi ni agizo la siri la tarehe 17 Oktoba 1845, ambalo James Buchanan, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimwandikia Larkin akimteua kuwa wakala wa siri. Luteni Archibald Gillespie alipewa nakala moja avuke nayo Meksiko akijifanya mfanyabiashara. Akiogopa kukamatwa, alilikariri agizo lote, akaiharibu karatasi kabla ya kufika Veracruz, akavuka nchi, akapanda meli Mazatlán, akapitia Honolulu, na alipofika Monterey mwezi Aprili 1846 akaliandika upya kutoka kichwani. Nakala nyingine ilizunguka Cape Horn kwa manowari Congress. Wataalamu wa alama za posta hawana la kufanya na barua iliyosafiri kichwani mwa luteni, lakini kisa hiki kinaonyesha kwa nini watu wa wakati huo waliandika nakala.

Msomi wa Kale

Wakuu, naona majina ya magavana, makonseli na manahodha. Mbona waliobeba hizo barua kwa miguu hawatajwi? Misheni zile ziliendeshwa kwa nguvu za wenyeji.

Mleta uzi

Hoja yako ni ya haki. Wenyeji waliobatizwa walitumwa mara kwa mara kupeleka barua kati ya misheni moja na nyingine, na majina yao karibu hayaandikwi upande wa nje, hata pale ambapo jina la meli huandikwa kwa herufi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 matarishi wa Kicocomaricopa, wenyeji wa eneo hilo, walivuka jangwa wakiwa na barua kati ya Tucson na misheni ya San Gabriel, yaani walifanya kile ambacho serikali ilikuwa imeshindwa tangu 1781. Safari ya Kapteni José Romero ya 1823, ya kufungua tena njia hiyo, ilitokana na mafanikio yao. Barua ya njia hiyo, ikithibitika, ni kitu kikubwa, na uthibitisho wake hautatoka kwenye muhuri bali kwenye maneno ya ndani.

Maneno ya ndani pia yasikwepwe kwa sababu yanaumiza. Mapadri na makamanda waliandikiana kuhusu watoro waliosakwa, adhabu, na magonjwa yaliyoua watu wengi. Mkusanyaji anayeeleza gharama ya senti kwa makini na kisha kuruka aya hizo anatoa maelezo nusu.

Kuna kipindi kifupi sana ambacho wengi hukisahau. Wamarekani waliinua bendera yao Monterey tarehe 7 Julai 1846, na mwezi Aprili 1847 Jenerali Stephen Kearny akaanzisha posta ya jeshi kati ya San Francisco na San Diego. Askari wawili wapanda farasi waliondoka kila upande kila wiki ya pili, wakakutana kwenye shamba la Kapteni William Dana huko Nipomo, wakabadilishana mifuko na kurudi. Raia nao waliruhusiwa kuitumia, bure. Kwa kuwa hakuna malipo yaliyotozwa, barua hizo hazina tarakimu, na hutambulika kwa tarehe, anwani na maelezo ya mwandishi. Hapo pia angalia jina la mji: Yerba Buena ilitangazwa rasmi kuitwa San Francisco tarehe 30 Januari 1847, ingawa ngome, misheni na ghuba vilikuwa na jina la San Francisco tangu zamani, kwa hiyo anwani yenye "San Francisco" kabla ya tarehe hiyo haithibitishi kughushi.

Kurunzi

Na posta ya kawaida ya Marekani ilianza lini hasa? Naona watu wengi wanataja "40" kama alama ya California.

Mleta uzi

Sheria ya tarehe 14 Agosti 1848 ndiyo iliyoweka senti 40 kwa nusu wakia kati ya pwani ya Atlantiki na ya Pasifiki, na senti 12½ kwa barua iliyotoka sehemu moja ya pwani ya Pasifiki kwenda nyingine. Meli ya mvuke California iliingia San Francisco tarehe 28 Februari 1849, na meli Oregon ikafuata takribani mwezi mmoja baadaye ikiwa na John Geary, aliyeteuliwa kuwa mkuu wa posta ya mji huo. Gharama hizo zilidumu hadi 30 Juni 1851, kisha zikashuka sana. Hivyo "40" ni alama ya kipindi, na kwa kuwa barua za eneo la Oregon nazo zilitozwa kiasi hichohicho, haitoshi peke yake kuthibitisha California.

Kwa barua za kuanzia hapo muhuri unaanza kuwa na kazi, lakini nao una hila yake. Posta ya San Francisco ilikuwa na desturi ya kuziwekea barua za mashariki tarehe ya kuondoka kwa meli, si siku zilizopokelewa dirishani. Barua iliyoandikwa mgodini siku za katikati ya mwezi inaweza kuwa na tarehe 1 ya mwezi unaofuata, na hakuna ajabu yoyote hapo.

Kuhusu kununua, nitasema machache. Barua za 1850 hadi 1855 ni nyingi na bei zake zinafikika. Anzia huko ili macho yazoee karatasi na wino wa kweli. Za kabla ya 1846 ni chache mikononi mwa watu binafsi kwa sababu sehemu kubwa iko maktaba: nyaraka za Mariano Guadalupe Vallejo alizompa mwanahistoria Hubert Howe Bancroft ziko Chuo Kikuu cha California, na barua za mfanyabiashara Abel Stearns ziko maktaba ya Huntington. Kumbukumbu rasmi za serikali ya Kihispania na Kimeksiko zilizohifadhiwa San Francisco ziliteketea katika moto uliofuata tetemeko la 1906, zikabaki nakala na muhtasari vilivyofanywa na wasaidizi wa Bancroft miaka ya 1870. Kwa hiyo anayekuuzia barua ya gavana akidai imetoka kwenye kumbukumbu hizo anapaswa kueleza ilinusurikaje, na ilitokaje mikononi mwa serikali. Nchini Meksiko pia sheria ya 1972 inalinda nyaraka za kihistoria za umma, na historia ya umiliki isiyoeleweka ni sababu tosha ya kuachana na barua hata kama bei inavutia. Kwa barua ya bei kubwa, omba cheti cha wataalamu kama wale wa Philatelic Foundation ya New York kabla ya malipo ya mwisho.

Uhifadhi usiwasumbue sana. Tumia mifuko ya poliesta isiyo na PVC, weka mbali na jua na unyevu, na usibandike gundi wala plastiki ya moto. Wino wa chuma wa zamani hula karatasi polepole, na mkunjo uliopita juu ya mwandiko ndipo karatasi hukatika kwanza, kwa hiyo barua isifunguliwe na kukunjwa kila mgeni anapokuja.

Kurunzi

Nimeelewa, mkuu. Basi ile ya 1843 niiache au niifuate?

Mleta uzi

Ifuate, lakini kwa bei ya barua ya meli iliyoingilia Boston. Mwombe muuzaji picha ya upande wa lakiri na ya ukurasa wa ndani wenye tarehe. Muhuri wa Boston una siku na mwezi bila mwaka, hivyo tafuta katika magazeti ya Boston ya wakati huo orodha ya meli zilizowasili kutoka California, ulinganishe na siku iliyogongwa. Kama kuna meli iliyofika siku hiyo au siku moja kabla, na jina lake limeandikwa kwenye kona ya anwani, toa pesa.